Kwa nini mkono hukosea ukihamia mfumo endeshi mpya wa kompyuta?

Umetumia mfumo wa Windows miaka kumi. Leo umekaa mbele ya Mac, kompyuta ya Apple yenye mfumo wake, unataka kufunga dirisha, na mshale unakwenda moja kwa moja pembe ya juu kulia. Hapana kitu. Kitufe cha kufungia kiko kushoto. Ulikiona jana, unajua kipo huko, na bado kesho mkono utakwenda kulia tena.

Ubongo una zaidi ya njia moja ya kutunza unachokijua. Jina la mji mkuu unalikumbuka kwa kuwaza. Lakini jambo ulilolirudia mara maelfu, kama kufunga vifungo vya shati, huingia kwenye kumbukumbu ya vitendo, na huko mkono hutangulia mawazo. Muulize mtu anayenakili maandishi kutwa kucha anabonyeza wapi: ataangalia vidole vyake kwanza.

Hebu tubaki hapo kwenye kunakili. Katika Windows, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hushika Ctrl pembeni mwa kibodi, kingine hugonga C. Katika Mac ni Command, iliyo jirani na kitufe cha nafasi, na kinachobonyeza ni kidole gumba. C ni ileile, na hapo ndipo penye tabu. Vitu vinavyofanana nusunusu huchanganya kuliko vilivyo tofauti kabisa, kwa kuwa dalili zilezile huamsha zoea lilelile la zamani.

Microsoft, watengenezaji wa Windows, waliyaona haya mwaka 2012. Windows 8 iliondoa kitufe cha Start, cha kufungulia orodha ya programu, kilichokuwepo tangu Windows 95, watu wakalalamika sana, na mwaka 2013 kikarudi katika Windows 8.1. Windows 11 ya mwaka 2021 ilipohamishia katikati ikoni za upau wa chini ya skrini, iliacha nafasi ya kuzirudisha kushoto.

Je, uzirudishe? Mimi nashauri usiharakishe. Ukirejesha kila kitu kama zamani, mkono haupati la kujifunza. Chagua tendo moja unalolifanya mara nyingi, ulifanye polepole kwa makusudi siku kadhaa, ndipo uende kwa jingine. Anayetumia Windows kazini na Mac nyumbani ni habari nyingine, maana mkono wake hautulii popote. Huyo aingie kwenye mipangilio ya kibodi ya Mac abadilishane kazi za Command na Control (ndiyo Ctrl), ili mkono ubaki na zoea moja.