Bipola na sonona ndogo isiyoisha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Una bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mania, yaani kipindi cha kupanda, imepita na kazini unafika. Hakuna anayekuona mgonjwa. Lakini kuoga ni kazi, simu za marafiki unaziacha ziite mpaka zikatike, na ukurasa mmoja wa gazeti unausoma mara tatu. Hali hii ni sonona ndogo, unyonge wa moyo unaokaa wiki, hata miezi, na hapa Nairobi husemwa mengi kuihusu yanayowachelewesha watu kutibiwa.

“Mania ikiisha umepona”

Hapana. Watafiti wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 12 waligundua kwamba wenye bipola ya aina ya kwanza, yenye mania kamili, walikuwa na dalili za sonona takriban theluthi moja ya wiki zote. Wa aina ya pili, ambao mania yao ni hafifu, takriban nusu. Sehemu kubwa ya wiki hizo sonona ilikuwa ndogo, ya kumchosha mtu bila kumlaza kitandani. Unyonge huo basi ni ugonjwa wenyewe, wala si tabia yako mpya. Ukiachwa bila kushughulikiwa, hurahisisha kurudiwa na kipindi kizito.

Nunua daftari. Kila jioni andika mambo manne: saa ulizolala, moyo ulivyokuwa kwa alama 0 hadi 10, dawa ulizomeza, na jambo moja ulilofanya. Foleni ya kliniki ni ndefu na dakika zako mbele ya daktari ni chache. Kurasa za wiki mbili zitamweleza haraka kuliko “sijisikii vizuri”.

“Ni uvivu, jikaze tu”

Anayesema hivi huamini hamu huja kwanza, kisha kazi. Katika sonona mambo hugeuka: kitendo hutangulia, hamu hufuata polepole, pengine siku kadhaa baadaye. Chagua mambo mawili kwa siku, moja la lazima na moja ulilokuwa ukilipenda, na uyakate yawe madogo mno. Usipange kufua, loweka mashati matatu. Usipange mazoezi, shuka kwenye matatu steji moja kabla ya yako kungali mchana, utembee dakika kumi.

Kosa tunaloliona sana hutokea siku ya kwanza nzuri. Mtu hufanya kazi za wiki nzima na kulala saa nane usiku. Kesho yake ameanguka, au mania imeanza kubisha hodi. Kwa hiyo jiwekee kikomo cha chini na cha juu pia: mambo mawili hata siku mbaya, manne tu hata siku njema.

Amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Nairobi iko karibu na ikweta, jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, na hata mawingu ya Julai hutoa mwanga mwingi kuliko balbu ya nyumbani. Toka nje mapema. Lakini ukianza kulala kwa muda wa saa nne tu na bado una nguvu tele, usishangilie: piga simu kliniki.

“Nenda kemisti ukanunue dawa ya sonona”

Hili ndilo la hatari zaidi. Kwa mwenye bipola, dawa ya sonona ikimezwa peke yake, bila dawa ya kutuliza mawimbi ya hisia, inaweza kumrusha kwenye mania. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, hutolewa pia kwa maumivu na usingizi, kwa hiyo mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba una bipola.

Kabla ya kuongeza kitu, mwombe daktari akague ulichonacho. Kama ni litiamu, dawa ya kutuliza mawimbi ya hisia, kiwango chake kwenye damu kipimwe: damu itolewe saa 12 baada ya kumeza. Ukimeza saa tatu usiku, nenda maabara saa tatu asubuhi, kabla ya kumeza tena. Wengi hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Litiamu pia huweza kupunguza kasi ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na tezi ikilegea huleta uchovu, kuhisi baridi na kunenepa, mambo yanayofanana kabisa na sonona. Tezi na figo zipimwe kila miezi 6.

Daktari akikupa lamotrijini, dawa nyingine ya bipola, kwa kawaida huanza na miligramu 25 kwa wiki mbili, kisha 50 kwa wiki mbili. Kwa anayemeza valproeti, nayo dawa ya kutuliza hisia, huanza chini zaidi. Usiharakishe, kwani kupandisha upesi huongeza hatari ya upele unaoweza kuua. Ukitokwa na upele, vidonda mdomoni au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukikosa dozi kwa siku 5 au zaidi, usirudie kiwango cha zamani kabla ya kumuuliza daktari.

“Maombi yanatosha”

Maombi na dawa hukaa nyumba moja bila ugomvi. Tahadhari ni kufunga, iwe Ramadhani au mfungo wa kanisa: maji yakipungua mwilini, litiamu hupanda kwenye damu. Panga na kliniki mapema. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huipandisha vilevile. Mikono ikitetemeka sana, ukihara, ukiyumba au ulimi ukiwa mzito, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali.

Miraa na muguka, yale majani ya kutafuna, je? Huchangamsha jioni, huiba usingizi, na asubuhi moyo uko chini kuliko jana. Pombe vivyo hivyo.

“Ukisema unawaza kufa, utashtakiwa”

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Sema. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure. Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, iko barabara ya Thika. Nenda na mtu unayemwamini, na ubebe dawa zote unazomeza, pakiti zake, pamoja na lile daftari.