Kadi ya ulemavu Ufilipino: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Mwenye kadi lazima ulemavu wake uonekane.
Si lazima. Uziwi hauonekani kwa macho, wala ulemavu wa kisaikolojia, wala ugumu wa kujifunza, na vyote vinatambuliwa. Sheria ya saratani ya 2019 iliwaingiza pia wagonjwa wa saratani. Kadi hutolewa na jiji au manispaa anakoishi mtu, nayo humpa punguzo la bei, kwa mfano mkahawani. Za bandia zipo, na zimewachosha wafanyabiashara. Ila anayekodolewa macho kaunta mara nyingi ni mama wa mtoto mwenye usonji, wala si mghushi.

Dhana: Punguzo ni hela ya serikali.
Tupige hesabu. Mlo wa peso 560 huondolewa kwanza kodi ya ongezeko la thamani, ile 12% iliyoongezwa juu ya 500, zinabaki hizo 500. Hapo ndipo hukatwa 20%, na mwenye kadi analipa 400. Kodi serikali imesamehe, tangu sheria ya 2016. Lakini zile 100 za punguzo hubebwa na mwenye mkahawa. Yeye huruhusiwa tu kuzitoa kwenye mapato yake kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo harudishiwi zote. Ndiyo maana wengine hununa wakiiona kadi. Na punguzo ni la mlo wa mwenye kadi tu: rafiki zake mezani wanalipa bei kamili.

Dhana: Kila mwajiri analazimika kuajiri watu wenye ulemavu.
Sheria ya 2013 inazitaka ofisi za serikali zitenge angalau 1% ya nafasi. Kampuni binafsi zenye wafanyakazi zaidi ya 100 "zinahimizwa". Kuhimizwa, kwa maoni yangu, ni neno la kumpa mtu pa kutokea.

Dhana: Viziwi wa huko hutumia ishara za Kimarekani.
Shule yao ya kwanza ilianzishwa 1907, enzi za utawala wa Marekani, na athari ingalipo. Hata hivyo Lugha ya Ishara ya Kifilipino ni lugha kamili, na tangu 2018 ndiyo lugha ya ishara ya taifa.

Dhana: Aliyepooza hafai uongozi.
Apolinario Mabini alipooza miguu 1896. Mwaka 1898 alibebwa kwa machela, wabebaji wakipokezana mji hadi mji, kumfikisha kwa Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi, huko Kawit. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo.