Gemu za zamani za kuruka si bahati tupu
Katika makundi sogozi ya Mbeya na Iringa unazungushwa tena ujumbe unaodai kwamba gemu za video za zamani za kuruka, zile ambazo mhusika huruka vizuizi na maadui, ni bahati tupu, eti mashine ndiyo huamua nani ashindwe. Si kweli. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, adui wa kwanza, yule mwenye umbo la uyoga, hutokea mahali palepale kila unapoanza upya, na kimo cha mruko wa mhusika hutegemea umekishikilia kitufe cha kuruka kwa muda gani. Kwa hiyo kila kosa hufundisha, na hapo ndipo ninapozipendea gemu hizi. Ukiwa kwenye kibanda cha gemu, tuseme pale Mwanjelwa jijini Mbeya, kiguse kitufe kidogo, kisha kikandamize, ulinganishe. Wengi huchanganyikiwa kwa kuwa mchezaji huanza na nafasi tatu tu za kukosea, nazo huisha kabla hawajaikariri njia. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.