Leba si kulala chali: ya mtaani na ya kweli

Wifi yangu alishikwa uchungu saa nne usiku, nyumbani kwetu Tabata. Bajaji haijafika, maagizo yameshamiminika. Mama mkubwa anamwambia alale atulie asimchoshe mtoto. Jirani anamkataza kusimama mlangoni. Mwenyewe kainamia meza ya televisheni, anayumbisha kiuno kulia na kushoto, hasikii la mtu. Hakuna aliyemfundisha. Mwili ulikuwa unajitafutia mkao wenye nafuu.

Dhana: Mwenye uchungu atulie kitandani, atunze nguvu za kusukuma.

Kupumzika kati ya uchungu mmoja na mwingine ni sawa kabisa. Kulazwa chali saa zote ndiko kwenye tatizo. Mji wa mimba ya miezi tisa ni mzito, na ukilala chali unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha inashuka, mama anasikia kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto inaweza kupungua. Ndiyo maana wakunga hawachoki kusema "lalia ubavu, mama".

Ukisimama au ukikaa wima, uzito wa mtoto mwenyewe unakusaidia: kichwa kinashuka na kuukandamiza mlango wa kizazi ili ufunguke. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2013 ulionyesha kwamba akina mama waliotembea, kusimama au kukaa wima katika hatua ya kwanza, mlango wa kizazi unapofunguka, waliimaliza mapema kwa takriban saa 1 na dakika 20 kuliko waliolala. Kwa anayehesabu uchungu usiku kucha, hiyo si kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2018, linataka mama asiye na matatizo ahimizwe kutembea na kukaa wima. Kutembea tu, jamani. Habari za kupandishwa ngazi za ghorofa mpaka miguu itetemeke ni mateso yasiyo na sababu.

Dhana: Kuzaa ni chali, miguu juu, tangu enzi.

Enzi zipi? Bibi zetu wengi walizalia magotini au wamechuchumaa. Kitanda kilipata watetezi wake Ulaya: daktari Mfaransa François Mauriceau, kwenye kitabu chake cha 1668, alikipendekeza badala ya kiti cha kuzalia. Mkao huo humrahisishia kazi anayezalisha. Lakini anayezaa, mkao huo humkalisha juu ya kifupa cha mwisho wa mgongo, kile ambacho kingepaswa kusogea nyuma mtoto apite.

Nisitie chumvi lakini. Uchambuzi mwingine, wa 2017, uliwaangalia waliosukuma wakiwa wima bila ganzi ya mgongoni: waliokatwa kuongezewa njia walikuwa wachache, na waliovutiwa mtoto kwa vifaa pia. Ila waliopoteza damu zaidi ya mililita 500 walionekana kuwa wengi zaidi. Kwa hiyo mkunga akikuomba ubadili mkao baada ya mtoto kutoka ili aangalie damu, mpishe afanye kazi yake.

Dhana: Magoti yakitanuliwa mpaka mwisho ndipo njia inapanuka.

Hii nilikuwa naiamini na mimi. Jaribu sasa hivi: kaa kwenye stuli, ingiza viganja chini ya makalio mpaka uguse mifupa miwili unayoikalia. Sasa sogeza magoti yakaribiane, visigino uvipeleke nje. Umeisikia mifupa ikiachana? Hapo ndipo mtoto anapotokea. Kutanua magoti kunasaidia zaidi sehemu ya juu ya nyonga, mtoto akiwa bado anaingia.

Dhana: Ukisimama mlangoni, mtoto anakwama.

Mtoto hukwama kwa ukubwa wake, jinsi alivyokaa, umbo la nyonga au uchungu hafifu. Mlango haumo. Tena fremu yake ni ya kushika vizuri sana uchungu ukipanda.

Dhana: Uchungu wa mgongo hauna dawa, vumilia.

Mara nyingi unakuja mtoto anapokuwa kaelekeza mgongo wake kwenye mgongo wa mama. Kupiga magoti na kuegemeza mikono chini kunapunguza maumivu. Kama kutamgeuza mtoto, hilo hakuna wa kukuhakikishia. Anayekusindikiza akukandamize kiunoni kwa kiganja, kwa nguvu, si kupapasa.

Yapo ya kutiiwa bila ubishi. Chupa ikipasuka na kichwa hakijashuka, kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto, kwa hiyo usitembee mpaka upimwe. Damu nyingi, presha ya kupanda au dalili za kifafa cha mimba, mkao wako ataupanga mhudumu.

Na wodi za Dar tunazijua: vitanda vimebanana, mkunga mmoja anaitwa na watatu kwa mpigo. Kuomba kupiga magoti mtoto akiwa anachungulia ni kuchelewa. Uliza kliniki, mimba ikiwa ya miezi saba au minane, kama wanaruhusu mkao mwingine, na ubebe khanga ya ziada ya kutandika chini ya magoti.

Wifi yangu aliruhusiwa. Alijifungua alfajiri, ameukumbatia mgongo wa kitanda kilichoinuliwa. Mama mkubwa mpaka leo anashikilia kwamba bajaji ilichelewa kwa sababu mtu alisimama mlangoni.