ADHD kwa mtu mzima: maswali ninayoulizwa, na jibu ninalolazimika kulirudia

Watu wazima wenye ADHD mara nyingi hawafiki kliniki wakisema wana ADHD. Wanakuja kwa sababu hawapati usingizi, wamepoteza kazi nyingine tena, ndoa inayumba, au pombe imeanza kuwazidi nguvu. Ukiwauliza hali ilianza lini, wanarudi hadi darasa la kwanza. Katikati hapo ni miaka mingi ya kuitwa wavivu. Ninaandika kwa ajili ya miaka hiyo, ili wengine wasiipoteze.

ADHD ni nini?

Ni kifupi cha jina la Kiingereza, attention-deficit/hyperactivity disorder: hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuathiri umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Wengine huponyokwa na umakini tu, wengine hawatulii na hukurupuka, na wengine wana yote mawili. Miongoni mwa watu wazima hukadiriwa kumpata mtu 2 au 3 katika kila 100. Hurithiwa sana ndani ya ukoo. Haisababishwi na malezi mabaya, wala peremende, wala simu.

Si tatizo la watoto?

Huanza utotoni, haiishii huko. Ili daktari aitambue kwa mtu mzima, dalili kadhaa lazima ziwe zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12. Kinachobadilika ni sura yake: mtoto aliyekuwa akipanda juu ya madawati anakuwa mtu mzima anayetikisa mguu kikao kizima, na mawazo yake hayatui.

Kwa mtu mzima inaonekanaje?

Fomu inatakiwa Ijumaa. Anaijua, iko mezani, anaitazama kila siku, na Ijumaa inapita bila kujazwa. Anasoma ukurasa huohuo mara nne. Anaanza kazi tano na kumaliza moja. Anakatiza watu maneno, kisha usiku kucha anajilaumu kwa kuwakatiza. Analipa faini ya kuchelewesha bili ilhali pesa anazo. Akisema "nakuja sasa hivi" anamaanisha kwa moyo wote, ila hisia yake ya muda haimsaidii; kwake kuna sasa na kuna baadaye, na baadaye haina umbali unaopimika.

Kuna pia hasira zinazowaka ghafla na kuzimika ghafla, na aibu inayobaki baada yake. Hili huzungumzwa kidogo mno, ingawa ndilo linalovunja nyumba nyingi.

Wanawake hutambuliwa wakiwa wamechelewa zaidi. Msichana mwenye ADHD mara nyingi hakuwa msumbufu darasani. Alikuwa kimya, akili iko mbali. Hakuna aliyempeleka popote kwa sababu hakumkera mtu.

Lakini kusema kweli, si ni uvivu tu?

Hapana. Mvivu hataki kufanya na hana shida na kutofanya. Huyu anataka, anapanga, anaapa, anashindwa, analia, kisha anaapa tena. Mifumo ya ubongo inayoanzisha kazi, kuishikilia na kuipanga inafanya kazi kwa namna tofauti kwake, na kemikali za ubongo ziitwazo dopamini na noradrenalini zinahusika humo. Kumgombeza ni sawa na kumfokea mwenye homa ili joto lishuke.

Si ajitahidi zaidi basi?

Tayari anajitahidi kuliko anayemshauri. Wengi wanaofika kliniki wamechoka hasa kwa sababu wametumia nguvu mara mbili ili waonekane kama wengine. Naomba neno "jitahidi" lisitumike kama tiba.

Mbona jambo analolipenda anaweza kulishikilia saa sita bila kuinuka? Hapo si anachagua?

Swali hili huulizwa na wenzi wa ndoa na wakubwa wa kazi, na huulizwa kama vile limemnasa mtuhumiwa. Jibu bado ni hapana. Tatizo la ADHD ni kuuelekeza umakini pale unapohitajika. Jambo jipya, la kusisimua au lenye dharura huuvuta umakini lenyewe. Jambo muhimu lakini la kuchosha haliuvuti. Ndiyo maana mtu huyohuyo anatengeneza mashine iliyowashinda wenzake, halafu anashindwa kujaza ripoti ya kurasa mbili kuhusu mashine hiyo. Kuzama kupita kiasi kwenye jambo moja, hata kusahau kula, ni sehemu ya hali yenyewe. Si uvivu. Nitalirudia kila nitakapoulizwa, maana neno hilo limewachelewesha watu wengi.

Je, kuna nguvu zinazotokana nayo?

Zipo, na ningekuwa mwongo nikizificha. Wapo wanaotulia kabisa wakati wa dharura, pale wengine wanapobabaika. Wapo wanaounganisha mawazo ambayo hakuna mwingine angeyaweka pamoja, wenye uchangamfu, ujasiri wa kuanza upya, na huruma kwa wanaohangaika kwa kuwa wao wenyewe wamehangaika. Katika kazi yenye mwendo na mabadiliko, wanang'ara.

Ila sikubaliani na wanaoiita zawadi kisha wakakataa msaada. Nguvu hizo hazilipi bili iliyosahauliwa. Tena huonekana vizuri zaidi mtu anapotibiwa. Mwanamichezo wa sarakasi za viungo Simone Biles wa Marekani alieleza hadharani mwaka 2016 kwamba ana ADHD na ametumia dawa tangu utotoni, akasema si jambo la kuonea aibu. Mwaka huohuo alitwaa medali 4 za dhahabu kwenye Olimpiki.

Nimeishi hivi miaka yote. Haraka ya nini sasa?

Haraka ipo. ADHD isiyotibiwa huambatana na sonona, wasiwasi, ulevi na matumizi ya dawa za kulevya, ajali za barabarani, madeni na kuvunjika kwa ndoa. Hatari ya kufikiria kujiua nayo ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Ukiambiwa tangu utotoni kwamba wewe ni mzembe, mwishowe unaamini, na anayeamini hivyo hatafuti daktari, anajichukia tu.

Kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usisubiri miadi. Nenda hospitali leo, na usikae peke yako.

Nimejibu maswali mtandaoni, nimepata alama za juu. Nina ADHD?

Huenda. Dodoso fupi la maswali 6 linalotambuliwa na Shirika la Afya Duniani husaidia kuchuja, halithibitishi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia atataka kujua utoto wako, na kama shida inaonekana katika maeneo mawili au zaidi, kwa mfano kazini na nyumbani. Atachunguza pia usingizi, tezi ya shingo, sonona na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kwani hizi nazo huvuruga umakini. Nenda na ripoti zako za shule kama zipo, au na mtu aliyekujua ukiwa mdogo.

Dawa zinafanya kazi?

Kwa wengi, ndiyo. Zipo za kuchangamsha ubongo, kama methilifenideti, na zisizo za kundi hilo, kama atomoksetini. Kabla ya kuanza, upimwe shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na umweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo, ujauzito au historia ya uraibu. Kukosa hamu ya kula na usingizi ni malalamiko ya kawaida. Mara nyingi kurekebisha dozi au saa ya kumeza hutosha.

Jambo moja likome: kumeza vidonge vya ndugu au rafiki "kujaribu tu", au kununua vya kificho ili ukeshe ukisoma. Dawa hizi zinaweza kupandisha shinikizo la damu na kuleta uraibu zikitumiwa hovyo. Kwamba zilimsaidia mwenzako hakusemi chochote kuhusu moyo wako.

Na bila dawa?

Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia husaidia, hasa kwa mipango na ile sauti ya kujilaumu. Usiitegemee kumbukumbu: andika, weka kengele, funguo zikae mahali pamoja tu. Kazi kubwa ikate hadi hatua ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kuanza sasa hivi. Wengi hufanya kazi vizuri mtu mwingine akiwa ameketi karibu, hata kama hasemi kitu. Usingizi na mazoezi visipuuzwe.

Mume wangu anayo. Nimvumilie kila kitu?

La. ADHD inaeleza kwa nini alisahau. Haimwondolei wajibu wa kutafuta tiba na kuweka vikumbusho. Wewe kwa upande wako acha kumwambia "ungenipenda ungekumbuka". Kusahau kwake hakupimi mapenzi yake. Kubalianeni nani analipa nini na lini, iandikwe, na ibandikwe mahali nyote mnapopita.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Hujachelewa. Dawa na tiba ya mazungumzo huwasaidia hata wenye umri wako. Moyo na shinikizo la damu vitaangaliwa kwa makini zaidi. Weka miadi wiki hii, na umwombe mtu akukumbushe siku yenyewe. Ukifika, usianze kwa kusema "daktari, mimi ni mvivu." Mweleze unachoshindwa kufanya, tangu lini, na kimekugharimu nini.