Je, wajua kwa nini tovuti ya duka hufunguka hata data ikiwa imezimwa?

"Mwanangu, hiki kitu hakinilii bando kimyakimya?" Mama mmoja mwenye duka la pembejeo Newala aliniuliza hivyo huku akininyooshea simu. Data alikuwa ameizima tangu asubuhi. Lakini kila akibonyeza ikoni ya duka lake, ukurasa unafunguka: salfa, viuatilifu, mashine za kupulizia mikorosho, kila bidhaa na picha yake. Nikaiweka simu kwenye hali ya ndegeni mbele ya macho yake, nikabonyeza. Ikafunguka tena.

"Sasa inatoa wapi?"

Swali zuri, na jibu lake linamhusu kila mfanyabiashara wa Kusini anayejiuliza kama atengenezewe aplikesheni au tovuti.

Tovuti ya kawaida haikai kwenye simu. Kila ukiifungua, simu inatuma ombi kwenye mnara, ombi linasafiri hadi iliko seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, mara nyingi nje ya nchi, na ukurasa unarudi kwa njia hiyohiyo. Mtandao ukikatika katikati, unabaki unakodolea skrini nyeupe. Aplikesheni ya Play Store yenyewe inapakuliwa na kukaa ndani ya simu, lakini inataka nafasi, na inataka MB za kuipakua. Katikati ya hizo mbili ndipo ilipo ile ya Mama: ni tovuti, ina anwani kama tovuti yoyote, ila imefundishwa kuweka akiba. Mafundi huziita PWA, kifupi cha Progressive Web App, jina lililotungwa mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell.

Kazi kubwa ndani yake inafanywa na kipande kidogo cha programu tunachokiita sevisi woka. Mfikirie kama kijana wa dukani anayekaa mlangoni. Siku ya kwanza unapofungua tovuti ukiwa na data, kijana huyu anaingia kwenye simu yako na kupanga stoo: kurasa muhimu, picha, mpangilio wa rangi na maandishi. Kuanzia hapo kila ombi linapita kwake kwanza. Ukitaka ukurasa wa salfa, anachungulia stoo. Upo, anakupa papo hapo. Haupo, anamtuma bodaboda mjini, yaani anatoka mtandaoni kuufuata. Bodaboda akikwama njiani, kijana hakuachi umesimama mlangoni, anakuletea kile alichonacho. Ndiyo maana simu ya Mama ilifungua duka ikiwa kwenye hali ya ndegeni, bila kugusa bando hata chembe.

Kwa kuwa kijana huyu anaona na anaweza kubadilisha kila kinachopita, vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, havimruhusu afanye kazi kwenye tovuti isiyo na ulinzi wa https. Vinginevyo mtu mwenye nia mbaya kwenye waifai ya hotelini angeweza kukupandikizia kijana wake. Pembeni yake kuna faili jingine dogo, manifesti, linaloiambia simu jina la duka, ikoni yake, na kwamba lifunguke skrini nzima bila ule mstari wa anwani juu. Hilo ndilo linalofanya mteja aone kama amefungua aplikesheni.

Sasa pale ambapo wengi huharibu. Stoo ikipangwa vibaya, kijana atakuwa anatoa mzigo wa zamani. Msimu wa kupulizia, bei ya mfuko wa salfa inaweza kuwa nyingine Jumatatu na nyingine Ijumaa. Mkulima akifika dukani na bei ya wiki iliyopita kwenye simu yake, ugomvi wake unaujua. Kwa duka la Mama tulikubaliana hivi: picha na maelezo yatoke stoo kwanza, maana hayabadiliki, bei itafutwe mtandaoni kwanza, na mtandao ukikosekana, itolewe ya akiba ikiwa na tarehe yake pembeni, "bei ya Jumanne". Kwangu mimi mstari huo mmoja wa tarehe una thamani kuliko mapambo yote ya ukurasa. Fundi akikutengenezea tovuti ya aina hii, muulize kwanza bei inatoka wapi data ikizimwa.

Tofauti ya ukubwa nayo si ndogo. Twitter walipotoa toleo lao la aina hii Aprili 2017, lilikuwa na takriban KB 600, wakati aplikesheni yao ya Android ilizidi MB 23. Ukikaa kwenye foleni yoyote Masasi au Tandahimba utaona simu za watu zilivyojaa video za harusi na sauti za WhatsApp. Ukimwambia mtu apakue aplikesheni ya duka analoingia mara tatu kwa mwaka, lazima afute kitu, na hatafuta video ya mwanawe. Anwani ya tovuti, kinyume chake, unaitupa tu kwenye grupu la WhatsApp la wakulima, anayetaka anabonyeza.

Gharama pia. Kujisajili kuweka aplikesheni Google Play ni dola 25 mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, kabla hujamlipa fundi wa kuandika matoleo mawili. Tovuti inaandikwa mara moja, na ukirekebisha kosa, mteja analipata rekebisho anapofungua akiwa na mtandao, bila kuombwa asasishe kitu.

Lakini nisiifiche hali ya iPhone. Mwaka 2007 Steve Jobs mwenyewe aliwaambia watengenezaji waandike aplikesheni za iPhone kama tovuti; mwaka mmoja baadaye App Store ikafunguliwa, na tovuti zikawekwa kando. Kijana wetu wa mlangoni aliruhusiwa kwenye iPhone mwaka 2018 tu, na kutuma taarifa za kushtua simu kukaruhusiwa 2023, tena kama mteja ameshaiweka tovuti kwenye skrini ya mwanzo kwa mkono wake. Kama wateja wako wengi wanatumia Android, halitakusumbua sana. Kama una hoteli ya watalii Mikindani, lifikirie.

Kuna jambo ambalo mtandao ukizima haliwezekani kabisa: kujua kama mzigo bado upo. Malipo, hata hivyo, yana njia. Lipa namba ya duka ikiwa imehifadhiwa ndani ya simu, mteja anaisoma hapo na kulipa kwa menyu ya kawaida ya simu, ambayo haihitaji data. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba nchi nzima, tovuti nyingi za kawaida hazikufunguka. Duka lililokuwa tayari limepanga stoo kwenye simu za wateja wake lingeweza angalau kuonyesha bidhaa na namba ya kupiga.

Na oda? Hapa kijana wa mlangoni ana kazi ya pili. Mteja akijaza oda pasipo na mtandao, inaandikwa kwenye simu na kusubiri. Kwenye Chrome ya Android, simu ikipata mtandao inaituma yenyewe, hata kama mteja ameshafunga ukurasa. Kwenye iPhone atalazimika kuufungua tena.

Mama hakuniamini mpaka tulipojaribu. Mjomba wake anaishi bondeni, upande wa Mto Ruvuma, ambako mnara hushika ukipanda kilima. Tukampigia jioni, akiwa kilimani, tukamwambia aifungue tovuti hapo hapo ili stoo ipangwe, na tukamweleza afanyeje. Kesho yake mchana, huko huko bondeni, akajaza oda, skrini ikamwandikia "inasubiri mtandao", akaitia simu mfukoni akaenda shambani. Saa kumi na mbili kasoro, Mama akiwa anafunga duka, simu yake ikalia: mifuko mitatu ya salfa, imeandikwa saa saba na dakika ishirini.

"Ameshapanda kilima," akasema, akarudi ndani kutenga mzigo.