Mkono Uliopooza Baada ya Kiharusi Hurudi kwa Kupewa Kazi

Katika nyumba nyingi za Mombasa, mgonjwa wa kiharusi akitoka hospitalini hupokewa kwa huruma tele. Hulishwa, huvishwa, na jioni huja mkandaji na mafuta yake. Huruma hiyo ni njema, lakini ina hatari: mkono usiopewa kazi, ubongo huuacha.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo. Ukiumia upande wa kushoto wa ubongo, hupooza upande wa kulia wa mwili. Misuli haijafa; kilichokatika ni amri. Sehemu za ubongo zilizosalimika zaweza kujifunza kuitoa amri hiyo, ila hujifunza kwa kurudiarudia, tena mgonjwa akijitahidi mwenyewe. Kukandwa kunalegeza misuli na kufariji, lakini hakufundishi vidole kushika kikombe.

Kabla ya zoezi lolote, lindeni bega. Misuli ikilegea, mfupa wa mkono hushuka kwenye kiungo chake. Basi nawaomba sana, msimvute mkono ule wala msimwinue kwa kumshika makwapani. Mshikeni kiunoni. Akiketi, mkono uegemee mto. Ile kamba ya kapi ya kujivutia mkono juu ya kichwa iacheni pia, huumiza bega.

Sasa aketi mezani, nyayo zikanyage sakafu. Kiganja kiwekwe juu ya leso iliyokunjwa, aisukume mbele mpaka kiwiko kinyooke, kisha airudishe. Mgongo usiiname kuufanyia mkono kazi yake. Mkono mzima waweza kusaidia siku za mwanzo, halafu upunguze. Baadaye, kiganja kining'inie ukingoni mwa meza, akiinue.

Vidole ndivyo vinavyotaka subira. Kufumbua huwa kugumu kuliko kufumba, kwa hiyo hapo ndipo pa kukaa zaidi: ashike ndimu, aiachie bakulini, kisha kikombe cha kahawa kitupu, kisha vibanio vya nguo. Mwenye tasbihi avute punje moja moja kwa kidole gumba. Mara chache chache asubuhi, adhuhuri na jioni zafaa kuliko kujichosha mara moja.

Asiyeweza kutikisa mkono kabisa atumie kioo. Kisimamishwe katikati ya mikono, kikiuelekea ule mzima, naye akitazame huku akiufumba na kuufumbua. Machoni itakuwa kama mkono uliopooza ndio unaotembea. Njia hii husaidia ikiambatana na mazoezi mengine.

Kuna pia njia ya kuuvika mkono mzima glavu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, wenye wagonjwa 222 waliougua miezi 3 hadi 9 kabla, ulionyesha kuwa wiki 2 za njia hiyo, pamoja na mazoezi makali, ziliwaletea nafuu iliyoonekana hata baada ya mwaka. Lakini wote waliweza kuinua kifundo cha mkono na vidole japo kidogo. Msiifanye nyumbani bila mtaalamu wa tiba ya viungo.

Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi 3 ya kwanza, ila aliyechelewa naye aanze. Mkono ukivimba au bega likiuma, simamisheni zoezi mumwone mtaalamu. Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa inao. Dawa za presha zisikatizwe. Na mdomo ukipinda ghafla, au maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.